Mdimu wa Nani

Bwana wa ardhi kaja Konde na fomu za rangi ya majani,
kasema kabla shamba halijagawiwa
ijazwe kwanza safu ya juu: "Mwanzilishi wa eneo."
Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa nina mwandiko,
na kwa kuwa sina mume wa kunifokea nikichelewa kurudi.

Jina tulikuwa nalo. Nani kwetu asiyelijua?
Harusini likisomwa, hata watoto hulidaka:

Dadi kaingia mwitu, na shoka na chungu chake,
Hapakuwa hapa mtu, ila chui na mwenzake.

Nikalinunulia jina hilo daftari la kurasa mia mbili,
nikavuka kwenda Unguja, hadi Nyaraka, Kilimani,
ambako kijana mwenye barakoa alinitolea kitabu
kinachonuka mende.
Siku mbili nilipekua. Ya tatu nikamkuta:
"Dady bin Shami, kando ya Ngezi, mikarafuu mia na kumi na mbili,
kumi na tisa imekufa."
Mhesabuji alihesabu hata iliyokufa.
Mke hakumhesabu. Watoto hakuwahesabu.
Jina lenyewe kaliandika kama mtu anayetema kokwa.

Kurasa kumi na nne mbele, wino mwingine:
mikarafuu arubaini imewekwa rehani
kwa magunia mawili ya mchele na jora la merikani.
Nikacheka peke yangu, watu wakageuka.
Shujaa wetu wa chui, anadaiwa nguo.

Na chui mwenyewe!
Mwalimu mstaafu niliyekaa naye meza moja
aliweka miwani chini, akasema polepole,
kama mtu anayeleta habari za msiba:
"Pemba, bibi, haijapata kuwa na chui. Chui alikuwa wa Unguja."

Niliporudi nikapitia Kojani kwa Bi Kazija, shangazi ya mama,
anayekumbuka kwa vidole, kila kidole na mtu wake.
"Dadi? Katoka Tumbatu mbio huyo.
Kagombania dema na nduguye, kamtoa jicho.
Mwitu ulimsitiri. Chui, labda ni yeye.
Nnachokijua mie ni usiku wake wa kwanza:
hana chumvi, hana mwenzi, ana changu mmoja tu.
Kamchoma, kamkamulia ndimu aliyoichuma papo hapo,
kala, kalamba vidole, kasema: hapa pananitosha."

Hiyo nimeisikia tangu sijaota meno.
Nikaiandika, nikamshukuru, nikaaga.
Nimeshaingiza mguu mmoja mtumbwini
ndipo ndimu iliponikaa kooni.

Mdimu haujileti mwituni.
Unataka mkono, unataka maji ya kiangazi,
unataka mtu wa kuukatia matawi makavu
na kukaa karibu nao miaka mitano, sita,
akichomwa miiba, akisubiri.

Nikampigia kelele mvushaji anisubiri, nikarudi mbio.
"Bi Kazija, huo mdimu ulikuwa wa nani?"
Akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja.
Vyote vilikuwa na watu.
Akakunja ngumi, akaiweka mapajani,
akaniuliza kama nimekula.

Kesho bwana wa ardhi anazitaka fomu zake.
Safu ni moja; nimeikata kwa rula ikawa mbili.
Ya chini nimeandika, kwa wino: Dadi wa Shaame, wa Tumbatu,
na rehani yake, na jicho la nduguye,
ingawa kwa hayo hakukuwa na nafasi, nikabana pembeni.
Ya juu ni tupu.
Atauliza. Sijui nitamwambia nini.

Mama ananiita kutoka jikoni:
samaki wameshaiva, niache makaratasi,
nizunguke nyuma ya nyumba nikachume.